Ubuntu, Linux Mint au Debian: upi wa kompyuta za ofisi?

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zimejikuta na kompyuta nzima zisizokubali Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama kwa sababu prosesa yake ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha nane. Kuzihamishia Linux, mfumo endeshi huru usio wa Microsoft, ni njia inayowezekana kabisa. Mabishano huanza pale swali la pili linapoulizwa: Linux ipi?

Hapa tunalinganisha mifumo mitatu inayotajwa zaidi kwa matumizi ya ofisi: Ubuntu LTS (toleo la Ubuntu linalotunzwa kwa muda mrefu), Linux Mint na Debian. Mitatu hii ni ya ukoo mmoja. Ubuntu umetokana na Debian, Mint umetokana na Ubuntu, na yote hutumia paketi za .deb (faili za kusakinishia programu) na amri ya apt inayozisakinisha. Kinachoweza kufanywa kwenye mmoja kwa kawaida kinawezekana kwenye mwingine. Tofauti ni nani anaibeba kazi: kampuni iliyoutengeneza mfumo, jumuiya ya watu wa kujitolea, au fundi wako mwenyewe.

Kwanza hesabu kinachokufunga

Uhamisho wa ofisi hukwamishwa na programu mbili tatu na printa moja. Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, pita meza kwa meza uandike kila programu inayotumika, nani anaitumia na kwa kazi gani. Hakikisha zoezi hilo linapita mwisho wa mwezi, kwa sababu kuna programu zinazofunguliwa siku ya mishahara tu, na hizo ndizo zinazosahaulika.

Zinazofanya kazi ndani ya kivinjari ziache, hazina tatizo. Zenye toleo la Linux au mbadala wa kuridhisha zijaribiwe na wanaozitumia, si na fundi peke yake. Zinazobaki, kwa kawaida ile ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows pekee, zina njia tatu. Ya kwanza ni kubakiza kompyuta au seva ya Windows na kuifikia kutoka Linux kwa programu ya Remmina kupitia RDP, njia ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali. Ya pili ni kompyuta pepe, yaani kompyuta ya programu tu ndani ya ile halisi, kwa VirtualBox au virt-manager, ukikumbuka kwamba Windows iliyomo ndani bado inadai leseni. Ya tatu ni Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, na hii iwe ya mwisho: programu inaweza kufanya kazi vizuri leo, kisha mtengenezaji akaisasisha, ikagoma, na usiwe na wa kumpigia simu.

Lahajedwali za Excel zichunguzwe kwa jicho kali. LibreOffice husoma sehemu tu ya makro za VBA (amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani ya Excel), na viungo vinavyoelekeza kwenye `Z:\` au `\\seva\` vitakatika, kwa kuwa Linux haina herufi za diski. Nyaraka za Word nazo huruka kurasa pale fonti zinapokosekana. Sakinisha `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, na malalamiko mengi ya "barua imeharibika" yataisha hapo hapo.

Ukiweza, badilisha programu kabla ya mfumo. Gendarmerie ya Ufaransa (polisi wa kijeshi) ilifanya hivyo: OpenOffice mwaka 2005, Firefox na Thunderbird mwaka 2006, zote zikiwa juu ya Windows, kisha Ubuntu kuanzia 2008. Mtu aliyekwisha kuzoea Thunderbird na LibreOffice hashtuki sana siku menyu inapohamia kona nyingine.

Vigezo

Tutaipima mifumo yote kwa mambo matano: inapata masasisho ya usalama kwa muda gani, inakubaliana vipi na vifaa, vya zamani na vipya, kompyuta nyingi zinasimamiwaje kwa pamoja, mtumiaji aliyetoka Windows anaipokeaje, na ukikwama, nani anawajibika.

Sura ya skrini haimo, kwa makusudi. Inaweza kubadilishwa kwa dakika kumi kwenye mfumo wowote kati ya hii, ilhali ndiyo inayokula muda wa vikao.

Ubuntu LTS

*Masasisho.* Toleo la LTS hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hupata masasisho kwa miaka 5. Toleo la 24.04 linafika 2029. Usajili wa Ubuntu Pro huongeza muda hadi miaka 10, na ni bure kwa matumizi binafsi hadi kompyuta 5. Ofisi kubwa hulipia. Jambo ambalo wengi hawalijui: ahadi ya miaka 5 ya Canonical, kampuni inayoutengeneza Ubuntu, inahusu paketi za hazina ya programu iitwayo `main`. Zile za `universe`, ambazo ni nyingi zaidi, hutegemea jumuiya isipokuwa uwe na Pro.

*Vifaa.* Kiwango rasmi cha chini cha 24.04 ni RAM ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 25. GB 4 hutosha kuwasha na kuandika barua. Kivinjari kikifunguliwa kurasa kumi, kompyuta huanza kuhema. Hesabu GB 8. Kwa kompyuta mpya Ubuntu uko vizuri, kwani toleo la LTS huendelea kupokea kiini kipya (sehemu ya mfumo inayoongea na vifaa) kinachotambua kadi za Wi-Fi na skrini zilizotoka baada yake.

*Usimamizi.* Hapa ndipo Ubuntu huwaacha wenzake. Faili moja ya autoinstall hueleza kila kitu, kuanzia mgawanyo wa diski hadi orodha ya programu, na usakinishaji hujiendesha bila mtu kukaa mbele ya skrini. ADSys huziwezesha kompyuta kufuata sera za Active Directory (huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi), ingawa baadhi ya vipengele vyake hudai Pro. Landscape huonyesha kompyuta zote na masasisho yake mahali pamoja.

Kero iko kwenye snap, aina ya paketi ya Ubuntu. Firefox ya Ubuntu huja kama snap, na snap hufungiwa katika mipaka yake. Kama folda za watumiaji haziko chini ya `/home`, programu hiyo inaweza kukataa kufunguka kabisa mpaka utumie `snap set system homedirs=` kuitajia njia halisi. Vifaa vya saini ya kielektroniki pia huweza kutotambuliwa na kivinjari kilichofungwa hivyo. Tena snap hujisasisha yenyewe. Ukitaka kuisimamisha wakati wa kufunga hesabu, tumia `snap refresh --hold`.

*Watumiaji.* GNOME, mazingira ya skrini ya Ubuntu, haifanani na Windows. Upau uko kushoto, na hakuna menyu ya kuanzia kama waliyoizoea. Vijana huzoea ndani ya siku chache. Mhasibu wa miaka mingi ataomba msaada zaidi. Jingine ni Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha skrini: programu za kumsaidia mtumiaji ukiwa mbali mara nyingi huomba ruhusa kila unapotaka kuona skrini yake. Kwenye 24.04 unaweza kuchagua Xorg, mfumo wa zamani, wakati wa kuingia, lakini kuanzia 25.10 chaguo hilo limeondolewa, kwa hiyo jaribu programu yako ya msaada mapema.

*Msaada.* Kuna mkataba rasmi wa kulipia kutoka Canonical. Kwa kampuni ambayo mkaguzi hudai kuona jina la anayewajibika, hili peke yake hutosha kumaliza mjadala.

Linux Mint

*Masasisho.* Mfululizo wa 22 umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na unafika 2029. Matoleo madogo ya ndani ya mfululizo huja kupitia Kidhibiti cha Masasisho bila kusakinisha upya. Masasisho ya usalama yanatoka Ubuntu, lakini usajili wa Pro haukukusudiwa kwa Mint, kwa hiyo miaka 5 ikiisha, unapanda mfululizo unaofuata.

*Vifaa.* RAM ya GB 2 ndiyo ya chini kabisa, na GB 4 ndiyo inayopendekezwa. Toleo la mazingira ya skrini ya Xfce ni jepesi kuliko la Cinnamon, mazingira makuu ya Mint. Kwa kompyuta zilizokataliwa na Windows 11, hili ni chaguo la starehe. Ila tuseme kweli: kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD kutaharakisha kompyuta ya zamani kuliko kuhama kutoka Linux moja kwenda nyingine. Kama bajeti ni ndogo, ianzie kwenye SSD.

*Usimamizi.* Mint umetengenezwa ukimfikiria mtu mmoja na kompyuta yake. Unaweza kuuunganisha na Active Directory kwa `realmd` na `sssd` kama Ubuntu, lakini hakuna chombo chake rasmi cha kusimamia kompyuta nyingi. Ofisi nyingi hutengeneza kompyuta moja ya mfano kisha huinakili diski yake kwa programu ya Clonezilla, au hutumia Ansible, inayotuma mipangilio kwa kompyuta nyingi kwa pamoja. Pia, skrini ya kuingilia huonyesha orodha ya watumiaji wa ndani tu. Baada ya kuunganisha kikoa (mtandao wa akaunti za Active Directory), mfanyakazi haoni jina lake na anadhani imeharibika. Fungua mipangilio ya Dirisha la Kuingilia, sehemu ya watumiaji, uruhusu kuingia kwa kuandika jina.

Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo, huja tayari, na ni ulinzi mzuri: sasisho likivuruga mfumo, unaurudisha ulivyokuwa jana. Lakini kwa chaguo-msingi haigusi folda za watumiaji. Ofisi iliyoiona Timeshift ikawaka kijani na kudhani nyaraka zina nakala rudufu itajua ukweli siku diski itakapokufa.

*Watumiaji.* Cinnamon ina menyu chini kushoto, upau chini, saa kulia. Mtu wa Windows hukaa na kuanza kazi. Snap imezuiwa, Firefox ni ya .deb, na Cinnamon bado hutumia X11 (yaani Xorg) kwa chaguo-msingi, hivyo programu za msaada wa mbali hazileti ubishi. Kwa ofisi ambayo fundi huja mara moja kwa wiki, simu zinazopungua kwa sababu ya haya ni nyingi.

*Msaada.* Hakuna kampuni nyuma yake. Kuna mabaraza na hati za jumuiya, na majibu mengi ya Ubuntu 24.04 hufaa pia hapa. Mkataba utatoka kwa fundi wa kujitegemea.

Debian

*Masasisho.* Toleo hutoka takriban kila miaka 2. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Hutunzwa kwa ukamilifu miaka 3, kisha timu ya LTS huongeza 2. Katikati ya toleo hakuna kinachobadilika isipokuwa marekebisho ya usalama na hitilafu kubwa. Kwa ofisi huo ni utulivu usio na mfano: fundi akiandika mwongozo wa kurasa tano leo, mwakani bado utakuwa sahihi.

*Vifaa.* Kuanzia Debian 12, flashi ya kusakinishia hubeba programu-ndogo zisizo huru za kadi za mtandao, kwa hiyo ile hadithi ya zamani ya kukosa Wi-Fi katikati ya usakinishaji imepungua sana. Kwa Xfce hukaa vizuri kwenye kompyuta dhaifu. Kwa zenye prosesa za biti 32 pekee, Debian 13 haina tena kisakinishi; Debian 12 bado unacho, ila mashine hizo zipangiwe kustaafu. Udhaifu ni kwa kompyuta mpya: kiini hubaki kilekile cha siku ya kutoka, na kadi mpya ya Wi-Fi huenda ikahitaji kiini kutoka hazina ya backports, yenye programu mpya kwa toleo lililokwisha kutoka.

*Usimamizi.* Faili ya preseed hufanya kazi kama autoinstall ya Ubuntu na imekomaa kwa miaka mingi, ingawa maandishi yake yanachosha macho. `unattended-upgrades`, inayosakinisha masasisho yenyewe, hakikisha mwenyewe kwamba imesakinishwa na imewashwa. Pia kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote wanaoanza: kisakinishi kikikuuliza nenosiri la root (msimamizi mkuu) na ukaliweka, mtumiaji wa kwanza hapati sudo, ruhusa ya kutoa amri za msimamizi. Unaingia, unaandika amri, unaambiwa jina lako halimo kwenye orodha. Acha nafasi ile wazi, na sudo itawekwa yenyewe. Kama umeshachelewa, ingia kama root kwa `su -`, hakikisha paketi ya sudo ipo, kisha `usermod -aG sudo jina`, halafu mtumiaji atoke na kuingia tena.

*Watumiaji.* Unachagua mazingira wakati wa kusakinisha, Cinnamon ikiwemo, kwa hiyo mtumiaji anaweza kuona kitu kilekile anachoona wa Mint. Programu zitakuwa za zamani kidogo, na Firefox ni ile ya ESR, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu. Kwa kazi za ofisi hilo halimsumbui mtu.

*Msaada.* Debian haina mwenye mali. Wako washauri wengi wanaouhudumia kwa mkataba, na hakuna kampuni moja inayoweza kubadilisha masharti ya leseni kesho asubuhi.

Na mingineyo?

Fedora ni mzuri, lakini kila toleo huishi takriban miezi 13, maana yake kila kompyuta lazima ipandishwe walau mara moja kwa mwaka. Huwafaa watengeneza programu. AlmaLinux na Rocky, za ukoo wa Red Hat, hutoa miaka 10, lakini kumbuka kwamba katika ukoo huo toleo la 10 halina LibreOffice ndani ya hazina kuu, na utaichukua kwa Flatpak, aina nyingine ya paketi.

Yanayovunjika kwenye mfumo wowote

Kuingia kwa akaunti za kikoa huvunjika kwa njia mbili zinazojirudia. Ya kwanza: `realm join`, amri ya kuunganisha kompyuta na kikoa, imefaulu, nenosiri linakubaliwa, lakini skrini inamrudisha mtumiaji alikotoka. Mara nyingi folda yake haijatengenezwa; `pam-auth-update --enable mkhomedir` hulimaliza. Ya pili huonekana kwenye kompyuta za zamani pekee, asubuhi pekee. Betri ya CMOS, inayotunza saa, imekufa, saa imerudi miaka nyuma, na Kerberos, inayothibitisha akaunti za kikoa, kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5. Mtu ataapa nenosiri lake ni sahihi, na ni kweli. Badilisha betri ya CR2032 na uhakikishe huduma ya kusawazisha saa inafanya kazi.

Printa zinazoelewa viwango vya IPP Everywhere au AirPrint huonekana zenyewe bila draiva. Za HP hufaidika na HPLIP, draiva za HP kwa Linux. Za Canon zinazotumia itifaki ya CAPT, kama LBP2900, zitakula siku yako. Mara nyingi ni nafuu kuiacha ikining'inia kwenye kompyuta moja ya Windows. Mashine kubwa zinazodai msimbo wa idara zinahitaji faili ya PPD (maelezo ya printa) ya mtengenezaji, la sivyo kazi inatumwa na kupotea kimya. Skana zipimwe peke yake: `sane-airscan` hushughulikia nyingi za mtandao, na `scanimage -L` itakuambia kama imeonekana. Kuchapa kukifanikiwa, usidhani kuskani kutafanikiwa.

Mashine ya zamani inayotuma skani kwenye folda ya pamoja huenda inajua SMB1 tu, itifaki ya kale ya folda za pamoja, ambayo Samba ya sasa (programu ya Linux ya folda hizo) huikataa kwa chaguo-msingi. Usiiwashe kwa ofisi nzima kwa ajili ya mashine moja. Elekeza skani kwenye barua pepe au FTP ya ndani.

Na ukinakili diski kwa Clonezilla, futa yaliyomo ndani ya `/etc/machine-id` (kitambulisho cha mashine) kwenye kompyuta ya mfano kabla ya kunakili, tengeneza upya funguo za SSH, na badilisha jina la kila nakala. Bila hivyo, mbili zinaweza kugombea anwani moja ya mtandao, na utatafuta kosa kwenye swichi bure.

Kwa hali yako

Ofisi ya watu wachache, kompyuta za zamani, hakuna fundi wa kudumu na hakuna kikoa: Mint wa Cinnamon, au Xfce kama RAM ni GB 4 au pungufu. Nunua diski ya nje ya nakala rudufu siku hiyohiyo.

Kompyuta nyingi, Active Directory ipo na itaendelea kuwepo, wakaguzi wanauliza maswali: Ubuntu LTS, na gharama ya Pro iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Vivyo hivyo kama mnanunua laptopu mpya kila mwaka.

Kuna fundi wa ndani anayejua kazi, kompyuta ni za aina moja au mbili, na mnataka mfumo usiobadilika wala kumtegemea muuzaji: Debian. Fundi huyo akiwa mmoja tu, aandike preseed yake na hatua zake mahali ambapo mwingine atazikuta.

Kuchanganya kunakubalika pia. Debian kwenye seva na Mint kwenye meza hukaa pamoja bila shida. Kuchanganya mifumo miwili kwenye meza za idara moja ndiko hakufai, kwa kuwa jirani hawezi tena kumwelekeza jirani.

Kama idara ya hesabu imefungwa na programu ya Windows, iache huko na uanze na mapokezi, masjala na wanaoishi ndani ya kivinjari. Chagua watu watano, wape kompyuta iliyowashwa kwa flashi bila kusakinisha chochote, wachape, waskani, waingie kwenye mikutano ya video kwa kamera na maikrofoni zao wenyewe. Kisha wasakinishie kwenye diski nyingine, na diski za Windows zilizotolewa kwenye kompyuta zao uzitunze kabatini zikiwa na majina yao hadi mwisho wa mwezi wa pili.